Mti wa Lamber Juu ya Chemchemi

Golo Wua, 14 Januari 1995

Nana Lamber,

Salamu zitangulie, mdogo wangu, ugomvi utafuata. Mama hajambo. Kanituma nikuulize kama unakula vizuri, na kabla sijafungua kalamu kajijibu mwenyewe kwamba huli. Shemeji yako Fabianus yupo, goti lake bado linatabiri mvua vizuri kuliko redio. Watoto wanakua na kugombana. Nguruwe wamepungua kwa sababu ya Krismasi, na kahawa imechanua mpaka kilima chote kinanukia. Wewe je, huko ng'ambo? Barua yako ya mwisho ilikuwa fupi mno, nikadhani umeiandika ukiwa umesimama.

Sasa habari yenyewe. Juma lililopita upepo ulikuja alasiri, ukang'oa paa la kanisa letu la kigango, ukalibwaga kwenye mpunga wa mzee Gaspar. Nguzo ya katikati ilivunjika vipande. Kumbe mchwa walikuwa wameila kwa ndani huku sisi tunaimba. Hakuna aliyeumia, Mungu ashukuriwe, ila Gaspar mpaka leo anauliza kwa nini Mungu hakulitupa kwenye shamba la mtu mwingine.

Baraza likakaa duara kama kawaida, tambuu ikazungushwa. Vijana wakataka zege na nondo. Ndipo Padre Kanis, paroko wetu mpya, akauliza kwa upole: "Jamani, mmeacha dawa za dukani, mbolea mnatengeneza wenyewe, chemchemi mmeilinda tangu enzi za marehemu katekista. Halafu nyumba ya Mungu ndiyo tuinunue dukani?" Watu wakatazama miguu yao. Ikakubaliwa kanisa lisimame kwa miti yetu wenyewe, ile ya ubatizo, na kila atakayekata mmoja apande kumi.

Usijifanye umesahau. Kila mtoto anayebatizwa hapa anapandiwa mti wake kwenye mteremko wa juu ya chemchemi, nasi tuliokwisha kubatizwa tulipandiwa wote mwaka ule sheria ilipowekwa, na mti huo haukatwi na yeyote ila kwa neno la mwenyewe. Sheria hiyo ni ya marehemu Baba, aliiweka akiwa katekista pamoja na Padre Anselmus, paroko wa wakati ule, na watu wote waliiapia. Gaspar katoa wake, pamoja na malalamiko yake. Fabianus katoa wake. Kilichobaki ni nguzo ya katikati. Fundi Wilhelmus kapita akigonga kila shina kwa ngumi na kusikiliza, karudi kasema unaofaa ni mmoja tu, ule mti wako wa worok. Umenyooka, hauna fundo, na mtu mmoja haukumbatii akaumaliza.

Basi nakuuliza kwa niaba ya baraza: unautoa au huutoi? Mama hataki hata kulisikia jambo hili. Anasema ule ni nguzo ya nyumba yako, siku utakaporudi kujenga na kuoa. Akimsikia Wilhelmus anapita na utepe wake wa kupimia, anaokota jiwe. Juzi kamrushia, bahati nzuri likampata mbuzi.

Jibu upesi. Misa tunasali chini ya turubai la kuazima, na mvua ikizidi Padre anahubiri kwa kupiga kelele.

Dada yako, weta wako,
Yustina


Tawau, 3 Machi 1995

Weta Yustina mpendwa,

Barua yako ilifika imelowa pembe moja, lakini nimeisoma yote, na pale pa mbuzi nimecheka mpaka wenzangu wa kambini wakaja kuuliza kuna nini. Mimi mzima. Nakula, mwambie Mama nakula. Kazi ni ileile, kuangusha mikungu ya michikichi kwa mundu wa mpini mrefu, na shingo sasa imezoea kutazama juu. Pole kwa kanisa. Pole kwa mzee Gaspar na mpunga wake.

Weta, hapa michikichi imepangwa kwa mistari. Utatembea asubuhi nzima usione mti wa aina ya pili. Ndege hawaimbi, kwa sababu hawana pa kukaa. Wakati wa mapumziko nakaa kwenye kivuli cha michikichi, kivuli chembamba kisicho na baridi, nakumbuka kwetu mpaka natamani kulia. Unakumbuka mwaka ule chemchemi ilipokauka? Mimi nilikuwa bado napanda mgongoni kwako. Mlikuwa mnashuka na Mama hadi mtoni na magudulia ya mianzi, mnarudi jua limeshawaka, na Mama hakuwa na nguvu hata ya kutugombeza. Baba akasema kilima kimenyolewa, ndiyo maana maji yamekimbia. Watu wakamcheka. Wakamwita katekista wa miche.

Namkumbuka jinsi alivyokunja kanzu yake na kuifunga kiunoni ili apande, na Padre Anselmus ameshika mche kwa mikono miwili, ndevu zimejaa udongo, anaimba kwa Kilatini kibovu. Kisha ile siku maji yaliporudi! Hayakuja kwa kishindo, yalilowesha tu mawe. Mama akapiga magoti akayawekea shavu. Sijaona tena furaha kama ile mahali popote, weta.

Nampa Bertolomeus, anayerudi huko kwetu wiki hii, mzigo mdogo. Ni maua ya pango la Bikira Maria, kwa ajili ya mwezi wa tano, mwezi wake. Mazuri sana, hayanyauki kamwe. Nimeyachagua mwenyewe, ya manjano na ya waridi. Mama ayaweke kwa mkono wake.

Hivi wale kaa wadogo bado wapo kwenye chemchemi? Nijibu hilo.

Ndugu yako,
Lamber


Golo Wua, 21 Mei 1995

Nana Lamber,

Kaa wapo, wamenona. Mama yupo. Sisi sote tupo, isipokuwa mama mkwe wa Bertolomeus, tulimzika baada ya Pasaka, umwombee. Mavuno ya mpunga ni mazuri, ile mbegu ya zamani nyekundu tuliyoirudisha imewashinda wenye mbegu za dukani, na Fabianus anatembea kijijini kama mkuu wa wilaya.

Sasa maua yako. Ewe ndugu yangu, ulikuwa na akili gani? Parokia nzima imekula kiapo: hakuna plastiki kanisani, hakuna plastiki pangoni, makaburini hakuna, karamuni hakuna. Sahani ni majani, vikombe ni mianzi. Dada wa Legio ya Maria walikagua hadi mfuko wa Padre. Halafu mzigo wako unafunguliwa mbele ya watu wote, baada ya rozari, na ndani ni plastiki tupu inayometameta!

Mwenyekiti wa jumuiya yetu, Agustina yule mwenye sauti, akasema, "Yarudishwe." Mama akayakumbatia. "Yarudishwe wapi? Ng'ambo? Uyapeleke wewe?" Agustina akasema kiapo ni kiapo, hata Mama aliinua mkono. Mama akamjibu, "Niliinua mkono wangu, sikuuinua wa mwanangu." Akaenda akayachomeka miguuni pa Bikira Maria, moja baada ya jingine, na hakuna aliyethubutu kumshika mkono. Padre Kanis aliitwa aje kuamua. Akatazama maua, akamtazama Mama, akasema amekumbuka ana mgonjwa wa kumtembelea.

Basi bado yapo pale. Kila asubuhi Agustina anaweka maua mabichi mbele ya yale ya plastiki ili yafichike, na kila jioni Mama anayasogeza mabichi pembeni. Nakwambia ukweli, nimecheka, lakini pia nimeona uchungu. Mama anayashika yale maua kama anashika uso wa mtu.

Sasa nirudi kwenye swali ulilolikimbia. Umeniandikia kuhusu kanzu ya Baba, ndevu za Padre, kaa, maji, kila kitu kilichopo kwenye ule mteremko isipokuwa mti wako. Unaniona mjinga? Nguzo nyingine zote zimeshachongwa na zimelala kwenye nyasi. Wilhelmus anakuja kuniuliza kila Jumapili, na kila Jumapili nasema barua iko njiani. Nimechoka kudanganya mbele ya kanisa, hata kama kanisa lenyewe halina paa.

Ndiyo, au hapana?

Yustina


Tawau, 30 Julai 1995

Weta,

Salamu kwa wote, na pole kwa msiba wa akina Bertolomeus. Mimi sijambo. Joto ni kali.

Nisamehe kwa maua. Hapa watu wote wanaweka hayohayo, hata kanisani, nami nimeshasahau mambo mengine. Mwambie mama Agustina asinichukie.

Umeniuliza ndiyo au hapana. Hapana. Nimekataa. Ule mti ni nyumba yangu, na Mama amesema vizuri. Mnao mteremko mzima, tafuteni mwingine. Ninyi mnauona kila siku, mimi ninao kichwani tu, na mkiukata nitabaki na nini? Nikiwa juani huku nauona akilini kule mteremkoni, nauzunguka, nagusa lile kovu nililochanja siku ile nilipotaka kuandika jina langu na Baba akanichapa. Nilichanja herufi moja tu. Bado inaonekana? Au gome limeshaifunika?

Usinikasirikie, weta. Siku moja nitarudi, nitajenga pale chini ya kahawa, pa kutazamana na chemchemi.

Jambo jingine dogo. Yale majani Mama aliyokuwa akituchemshia tukikohoa, akatupaka kifuani, yanaitwaje? Na yalichanganywa na nini? Kuna jirani yangu ana mtoto wa kike, anakohoa wiki ya pili sasa, na zahanati ya hapa haiwapokei wasio na karatasi. Kama utaweza kuyafunga ukampa mtu anayekuja huku, nitashukuru sana. Fanya haraka tafadhali. Huyo mtoto ni mwembamba.

Lamber


Golo Wua, 10 Septemba 1995

Nana,

Majani haya hapa, nimeyakausha kivulini na kuyajaza ndani ya mwanzi, nikauziba kwa nta. Chemsha konzi moja, mafuta ya nazi kijiko, paka kifuani na mgongoni jioni, asipigwe na upepo. Mama ndiye aliyeyachagua, jani moja moja, kwa kuyanusa. Aliniuliza ni ya nani. Nikasema ya mtoto wa jirani wa Lamber. Mama akaongeza konzi ya pili. "Mwambie ampake na nyayo," akasema. "Nyayo za mtoto wa jirani."

Unamjua mama yako. Mimi sisemi kitu.

Habari za hapa: tumefanya Penti, sikukuu ya mavuno, na mwaka huu Padre Kanis alitembea nasi hadi chemchemini, ngoma mbele, msalaba nyuma, kuku mweupe mikononi mwa mzee Gaspar. Tukayaalika maji kwenye karamu kama mababu walivyoyaalika. Padre akayabariki, akanywa kwa kiganja. Ungekuwepo ungelia, wewe mwepesi wa machozi. Mama siku hizi hashuki tena kuchota maji, wajukuu wanamchotea, lakini siku ile alitaka kwenda. Nilimshika mkono. Alisimama kwenye mti wako, akapapasa gome mpaka akaipata ile herufi. Ipo. Imepanuka pamoja na shina, sasa ni kubwa kama kiganja. Baba angekuchapa tena.

Barua yako niliisoma mbele ya baraza. Hapana yako wameipokea, sheria ni sheria, hakuna aliyenung'unika ila Wilhelmus. Lakini Mama alisimama akawaambia, "Mnaona? Mwanangu anarudi. Desemba ataanza msingi." Hukuandika Desemba. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika karatasi na nilijua hukuandika Desemba, lakini ningefanyaje, nimwumbue mama yangu mbele ya watu?

Tangu siku hiyo kila anayepita anamwuliza, "Mama Rosalia, Lamber anafika lini?" Naye anajibu kwa furaha. Ameanza kuweka mchele pembeni. Amekutengea na jogoo, na hakuna anayeruhusiwa kumgusa, jogoo mwenyewe ameshakuwa na kiburi.

Kwa hiyo silizungumzii tena kanisa. Nakuuliza mimi, dada yako niliyekubeba mgongoni. Unarudi, Lamber? Kama unarudi, tutasali chini ya turubai miaka kumi mingine na nitamzuia Wilhelmus kwa mikono yangu. Kama hurudi, basi tunamtunzia nani mti, na Mama anamtunzia nani jogoo?

Yustina


Tawau, 26 Novemba 1995

Weta Yustina,

Nimechelewa. Niliandika, nikachana. Niliandika tena, nikachana. Leo ni Jumapili ya Kristo Mfalme, najua huko mnaandamana, na mimi nimekaa kwenye ngazi ya kambi, nimeamua hii haichanwi.

Majani yamemponya. Hakuna jirani, weta. Ni mtoto wangu. Anaitwa Melati, anakaribia kutimiza miaka sita. Mama yake ni Hamidah, Mwislamu wa kabila la Wabugis, tulikutana hapahapa shambani, anaokota chikichi zinazodondoka. Ni mtu mwema, mkali kama wewe. Hatujafunga ndoa popote, kwake wala kwangu, na mtoto hana cheti, hana ubatizo, hana shule. Kwenye daftari za nchi hii hayupo, na za kwetu pia hayupo. Mimi, mtoto wa katekista! Kila nikishika kalamu niwaambie, namwona Baba na kanzu yake, nashindwa. Ndiyo maana barua zangu zilikuwa fupi.

Nyumba sitaijenga. Si Desemba hii, na sijui kama ni nyingine. Wao wawili hawana karatasi za kuvuka mpaka, na nikitoka peke yangu naogopa sitaweza kurudi kwao. Niliung'ang'ania mti kwa sababu nilipokuwa nao, nilikuwa bado ni mtu anayerudi. Nikisema kateni, nimekubali kwamba nimebaki huku. Sasa nakubali.

Soma sehemu hii mbele ya jumuiya, kwa sauti: Mimi Lambertus Jehadut, niliyebatizwa Golo Wua, nautoa mti wangu uwe nguzo ya katikati ya kanisa. Ukatwe.

Ila naomba kitu kimoja. Melati anaujua ule mti. Kila jioni ananiambia, "Baba, nisimulie mti," nami namsimulia, kilima, maji, kaa, bibi yake anayerusha mawe. Anadhani ni hadithi, kwa sababu hajawahi kuona mti unaozidi urefu wa mchikichi. Katika ile kumi mtakayopanda badala ya wangu, mmoja uwe wake. Najua desturi, kwamba mtoto lazima abebwe na bibi, na mguu wake ukanyage udongo wa mche wake. Mguu wake hauwezi kufika. Basi nimemsimamisha juu ya karatasi nikauchora kwa penseli. Alicheka sana, ana mtekenyo. Wekeni karatasi hii shimoni, mpande juu yake, Padre aseme sala. Itatosha, au siyo? Niambie kwamba itatosha.

Na mwombe Mama anisamehe. Mwambie polepole.

Lamber


Golo Wua, 6 Januari 1996

Nana Lamber,

Mama anakusalimu wa kwanza, kabla yangu, leo hakutaka salamu zake zichanganywe na za mtu. Wengine wote wazima. Mvua inanyesha vizuri.

Ulisema polepole. Sikuweza. Nilikuwa nimefungua bahasha tu, Mama akauliza, "Kasemaje?" Nikaanza kusoma kwa kuruka ruka, akanigundua mara moja. "Soma yote," akasema, "nilikuzaa wewe, hukunizaa mimi." Nikasoma yote. Alikaa na mikono mapajani mpaka mkaa wa jikoni ukazimika. Kisha akasema, "Anaitwa nani? Soma tena pale pa jina."

Jumapili nikasoma mbele ya jumuiya ile sehemu yako. Mimi nilitaka kuishia hapo. Mama akaniambia, "Endelea na mtoto." Mbele ya watu wote, Lamber! Agustina alikuwepo, Gaspar alikuwepo, kila mwenye mdomo alikuwepo. Nikaendelea. Nilipomaliza macho yote yalikuwa kwa Mama. Nikaogopa. Mama akasimama, akashika fimbo yake, akasema, "Wilhelmus, unangoja nini? Mwenye mti kasema. Kata." Na Wilhelmus, mtu aliyeuvizia ule mti mwaka mzima, akaanza kulia mbele ya wanaume wenzake.

Ulianguka Jumatatu, mahali palepale alipopanga, haukumgusa mwenzake hata mmoja. Mama alikuwa ameuwekea kiganja mpaka walipomwomba asogee. Ndani ni mwekundu, msafi, hauna doa. Nguzo imesimama tayari. Ile herufi yako Wilhelmus hakuiondoa, ameiacha upande wa akina mama, tukienda komunyo tunaipita.

Miche tisa tumepanda siku ileile. Nikachukua wa kumi, Padre Kanis akavaa stola, shimo lilikuwa limechimbwa karibu na kisiki chako, nami nikatoa karatasi ya mguu ili niiweke chini. Mama akanidaka mkono.

Sasa lazima nikuambie jambo alilonikataza. Mama haoni, Lamber. Ilianza mwaka juzi, ukungu kidogo kidogo, sasa amebakiwa na mwanga wa mlango tu. Ndiyo maana hachoti maji, ndiyo maana majani aliyachagua kwa kunusa. Alisema ukijua utarudi kwa huruma, na yeye hataki mtoto anayerudi kwa huruma. Basi pale shimoni akaichukua ile karatasi, akanipa kidole chake, akasema, "Nionyeshe." Nikakishika, nikakipitisha juu ya mstari wa penseli, kisigino, ubavu wa mguu, vidole vyote hadi kile kidogo. Akasema, "Rudia." Nikarudia. Padre alikuwa amegeuka anatazama kilima. Akaikunja karatasi akaitia kifuani, na hajaitoa tangu siku hiyo, hata akilala.

Mche hatukuupanda. Uko kwenye kikapu barazani, naumwagilia mimi. Agustina alijaribu kusema kwamba mvua zitapita na shimo litajaa matope, wacha tupande, Mungu anaelewa. Mama akamwambia, "Mungu anaelewa, mimi ndiye nisiyeelewa." Kila asubuhi anashikwa mkono hadi pale, anapiga magoti, anatoa matope kwa mikono yake. Jana nilimkuta Agustina anamsaidia.

Padre Kanis ameandika kwa mapadre wa Tawau. Anasema kuna njia ya karatasi, ndefu, lakini ipo, na barua yake utaipata kwa mkono wa padre mwenyewe. Nenda kamwone. Usinisimulie kwamba umechoka au unaona haya. Aibu yako yote nimeshaisoma kwa sauti mbele ya kanisa, haijabaki hata ya kuficha.

Yafuatayo ni maneno ya Mama. Kaniapisha nisiongeze wala nisipunguze.

"Lamber. Nimekusikia. Mti wako nimeuachia, kwa sababu ulikuwa wako na umesema. Wa mtoto siwezi kuupanda kwa karatasi. Karatasi nimeichukua, ni yangu. Mguu nauhitaji wenyewe, nitaubeba mimi, bado nina nguvu ya kubeba mtoto. Na huyo mama yake aje naye. Kama hali nguruwe, kuku wapo. Sikuambii uhame huko, nakuambia mlete akanyage. Mvua ikiisha mwaka huu, nitalisafisha shimo mwaka ujao. Nimewaambia wote, hilo haliguswi. Njoo taratibu njiani, usimwangushe mtoto."